Nani amekiwasha kihariri chako? Mwongozo wa PATH, sheli na mazingira ya kuwashia

Kwenye teminali unaandika `node --version` (`node` ni programu ya kuendesha msimbo wa JavaScript) na jibu linakuja papo hapo. Unafungua kihariri kwa kubofya aikoni yake, na kikaguzi cha msimbo kinalalamika kwamba `node` haipo. Kompyuta ni ile ile, mtumiaji ni yule yule, na programu iko palepale ilipo. Wengi hapo hukimbilia kufuta kihariri na kukisakinisha upya. Tatizo hubaki vilevile, kwa sababu kihariri hakina kasoro yoyote. Tofauti ni nani aliyekiwasha.

Mwongozo huu unahusu Vim, Neovim, Emacs na Visual Studio Code kwenye Linux, macOS na Windows. Kihariri kingine chochote kinafuata kanuni hizohizo, ila majina ya mafaili na amri hubadilika.

## Kwanza, suala la urithi

Kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, huzaliwa na mchakato mwingine, na unapozaliwa hupewa nakala ya vigeu vya mazingira vya mzazi wake, yaani thamani zenye majina ambazo programu husoma: `PATH` (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa), `HOME`, `LANG` na vinginevyo. Shika neno hilo, nakala. Tangu hapo kila mmoja ana vyake. Mzazi akibadilisha `PATH` baadaye, mtoto hana habari. Mtoto akibadilisha ya kwake, mzazi haguswi. Ndiyo maana kuhariri `~/.bashrc`, faili la mipangilio la sheli ya Bash, wakati kihariri kiko wazi hakubadilishi kitu ndani ya kihariri, hata ukilihifadhi faili hilo mara ngapi.

Ukiandika `vim` kwenye teminali, mzazi ni sheli, yaani programu inayopokea amri zako kwenye teminali kama Bash au Zsh, na sheli imekwisha kusoma mafaili yake yote. Ukibofya aikoni, mzazi ni eneo-kazi lenyewe au msimamizi wa huduma: systemd kwenye Linux nyingi, launchd kwenye macOS. Hao hawasomi `.bashrc` wala `.zshrc`. Kwenye macOS, programu iliyowashwa kutoka Finder au Dock kwa kawaida hupata PATH fupi sana:

```
/usr/bin:/bin:/usr/sbin:/sbin
```

Homebrew, kisakinishi cha programu kwenye macOS, husakinisha vitu vyake `/opt/homebrew/bin` kwenye mashine zenye chipu za Apple, na `/usr/local/bin` kwenye zile za Intel. Hakuna hata folda moja kati ya hizo mbili kwenye orodha hiyo.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Chukua jina la programu inayosemekana haipo. Kwenye teminali, andika:

```
echo "$PATH"
type node
```

Tumia `type` badala ya `which`, kwa sababu `type` inakuambia pia kama jina hilo ni jina la mkato (alias) au funksheni ya sheli. Jina la mkato halirithiwi na mtu yeyote. `nvm`, kisimamizi cha matoleo ya `node`, kwa mfano, ni funksheni, si faili. Kihariri hakiwezi kuiita `nvm` hata PATH ikiwa sahihi kabisa. Kinachoweza kuitwa ni `node` ambayo `nvm` imeiweka kwenye PATH.

Sasa uliza swali hilohilo ndani ya kihariri.

Vim na Neovim:

```
:echo $PATH
:echo exepath('node')
```

Emacs (`M-` ni kitufe cha Alt au Meta): `M-x getenv`, andika `PATH`, kisha `M-:` na

```
(executable-find "node")
```

VS Code ina mtego wake. Teminali iliyo ndani yake haifai kwa kipimo hiki, kwa sababu teminali hiyo huwasha sheli mpya, na sheli hiyo inasoma `.zshrc` au `.bashrc` yako. Utaiona PATH nzuri kabisa huku viendelezi vinahangaika na nyingine. Tengeneza kazi ya aina ya `process`, ambayo haipitii sheli, kwenye `.vscode/tasks.json`:

```
{
  "version": "2.0.0",
  "tasks": [
    { "label": "path", "type": "process",
      "command": "/usr/bin/printenv", "args": ["PATH"] }
  ]
}
```

Iendeshe, usome kilichochapwa.

Kwenye Linux kuna kipimo cha nne ambacho hakidanganyi. Tafuta namba ya mchakato wa kihariri, kisha soma mazingira uliyozaliwa nayo, na uone mababu zake:

```
pgrep -a emacs
tr '\0' '\n' < /proc/NAMBA/environ | sort
pstree -sp NAMBA
```

Faili hilo la `environ` linaonyesha hali ya wakati wa kuzaliwa tu. Iwapo faili la mipangilio la Emacs limebadilisha `PATH` baadaye, mabadiliko hayo hayatakuwemo. Hilo ni jambo jema: ukilinganisha `environ` na jibu la `M-x getenv` unajua mara moja kama hitilafu imetoka nje ya kihariri au imetengenezwa ndani.

Majibu yakiwa tofauti kati ya teminali na kihariri, endelea hatua ya 2. Yakiwa sawasawa na programu bado haionekani, shuku jina la mkato, au shuku kwamba kihariri kimesakinishwa kupitia Flatpak au Snap, mifumo ya kusakinisha programu kwenye Linux. Kihariri cha Flatpak kinaishi kwenye kisanduku kilichofungwa: `/usr/bin` ambayo kihariri kinaiona si ile ya mashine yako bali ya mazingira yaliyokuja nayo. Kurefusha PATH hapo ni kazi bure. Ama programu iitwe kwa `flatpak-spawn --host`, kama ruhusa ipo, ama sakinisha kihariri kwa njia ya kawaida. Kwa kazi ya kuandika msimbo, njia hii ya pili inapunguza maumivu mengi.

## Hatua ya 2: Jua faili lipi linasomwa, na lini

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu mafaili ni mengi na majina yanafanana.

Bash inayowashwa kama sheli ya kuingilia (login shell) husoma `/etc/profile`, kisha hutafuta `~/.bash_profile`, `~/.bash_login` na `~/.profile` kwa mpangilio huo, na husoma la kwanza tu inalolikuta. Mtego: programu fulani ya usakinishaji ikikutengenezea `~/.bash_profile` bila kukuuliza, `~/.profile` yako haisomwi tena na Bash, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia. Ukiwa na `~/.bash_profile`, iandikie mstari wa kuisoma `~/.profile`:

```
[ -r ~/.profile ] && . ~/.profile
```

Bash ya mazungumzo (interactive, unayoiandikia amri mwenyewe) isiyo ya kuingilia, yaani ile ya dirisha jipya la teminali kwenye Linux nyingi, husoma `~/.bashrc`. Bash isiyo ya mazungumzo haisomi hata mojawapo ya hayo. Unapoandika `:!amri` ndani ya Vim unaendesha Bash ya namna hiyo ya tatu, na ndiyo sababu majina yako ya mkato hayafanyi kazi pale.

Zsh, ambayo ni sheli ya kawaida ya macOS tangu toleo la Catalina la 2019, ina mpangilio ulio wazi zaidi: `.zshenv` husomwa daima, `.zprofile` kwa sheli ya kuingilia, `.zshrc` kwa sheli ya mazungumzo. Wengi huona `.zshenv` inasomwa daima wakaijaza PATH yao yote humo. Kwenye macOS hilo hugeuka kuwa kero. `/etc/zprofile` huendesha `path_helper`, ambayo huchukua folda zilizo kwenye `/etc/paths` na `/etc/paths.d` na kuzitanguliza mbele. Kwa kuwa `/etc/zprofile` husomwa baada ya `.zshenv`, folda zako zinasukumwa nyuma, na `python3` ya mfumo inaitwa kabla ya yako. Weka PATH kwenye `~/.zprofile`, ambayo husomwa baada ya `/etc/zprofile`.

Ugawaji tunaoupendekeza ni huu: vigeu vya mazingira kwenye `~/.profile` au `~/.zprofile`, majina ya mkato, rangi na ukamilishaji wa amri kwenye `~/.bashrc` au `~/.zshrc`. Usichanganye.

Kwa Linux yenye eneo-kazi, mifumo kama Ubuntu husoma `~/.profile` unapoingia kwenye akaunti, kwa hiyo kihariri kilichobofywa nacho hurithi. Huko Ubuntu, `~/.profile` ya kawaida huongeza `~/.local/bin` kwenye PATH iwapo tu folda hiyo ipo wakati wa kuingia. Ukiitengeneza leo asubuhi, haitaonekana mpaka utoke kwenye akaunti na kuingia tena; kufunga dirisha hakutoshi.

Ambapo `~/.profile` haisomwi, tumia systemd. Tengeneza faili `~/.config/environment.d/10-path.conf`:

```
PATH=$HOME/.local/bin:$PATH
```

Hii si lugha ya sheli. Hakuna `export`, hakuna `$(...)`, hakuna `if`. Toka kwenye akaunti, ingia tena, kisha hakiki:

```
systemctl --user show-environment | grep PATH
```

Na `/etc/environment`? Iache, isipokuwa unataka thamani moja isiyobadilika kwa watumiaji wote. Faili hilo halitanui vigeu: ukiandika `PATH=$PATH:/opt/bin` humo, herufi `$PATH` zitachukuliwa kama zilivyo, na unaweza kujikuta huna hata `ls`.

Windows ina utaratibu tofauti. Vigeu vimehifadhiwa kwenye rejista, vya mfumo peke yake na vya mtumiaji peke yake, na PATH ya programu ni ile ya mfumo ikifuatiwa na ya mtumiaji. Vibadilishe kupitia dirisha la vigeu vya mazingira kwenye mipangilio. Usitumie `setx PATH "%PATH%;..."` ingawa ushauri huo umeenea: `setx` hukata maandishi yanayozidi herufi 1024, na juu ya hapo humimina PATH ya mfumo ndani ya PATH ya mtumiaji. Watu wamepoteza nusu ya PATH zao namna hiyo. Baada ya kubadilisha, funga kihariri na ukiwashe upya kutoka menyu ya Start. Ukikiwasha kutoka dirisha la PowerShell lililokuwa wazi tangu kabla, kitarithi nakala ya zamani ya dirisha hilo.

## Hatua ya 3: Rekebisha mahali pamoja

Ukishaweka PATH kwenye faili la kuingilia na ukaingia upya, rudia hatua ya 1. Kwa Linux na Windows kazi mara nyingi inaishia hapo. Kwa macOS haiishii, kwa sababu launchd haisomi `~/.zprofile`. Hapo kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kukiwasha kihariri kutoka teminali kila mara. Si njia ya aibu. Kwa Vim na Neovim ndiyo ya kawaida.

Ya pili ni kukiacha kihariri kiulize sheli. VS Code hufanya hivyo chenyewe kwenye macOS na Linux: kikiwashwa kwa aikoni, huendesha sheli yako kama sheli ya kuingilia na ya mazungumzo, husoma mazingira yake, kisha huyatumia. Sheli ikichukua zaidi ya sekunde 10, kinakata tamaa na kukuonyesha onyo kwamba kimeshindwa kupata mazingira ya sheli. Watu huongeza muda kwa mpangilio wa `application.shellEnvironmentResolutionTimeout`, lakini hiyo ni kufunika donda. Pima sheli yenyewe:

```
time zsh -lic exit
```

Ikizidi sekunde moja au mbili, kuna kitu kizito kwenye `.zshrc`. Washukiwa wa kawaida ni `nvm` inayopakiwa nzima kila mara, amri inayotafuta kitu kwenye mtandao, au mstari unaowasha tmux (programu ya kugawa na kuhifadhi vikao vya teminali) moja kwa moja. Huo wa mwisho ni mbaya kuliko wote, kwa sababu sheli haimaliziki kamwe. Inabaki imesubiri ndani ya tmux isiyoonekana. VS Code huweka kigeu `VSCODE_RESOLVING_ENVIRONMENT` wakati wa ukaguzi huo, kwa hiyo unaweza kuuwekea mstari kizuizi:

```
if [[ -z "$VSCODE_RESOLVING_ENVIRONMENT" && -z "$TMUX" ]]; then
  tmux new-session -A -s kuu
fi
```

Kwa Emacs, programu-jalizi ya `exec-path-from-shell` hufanya kazi hiyohiyo:

```
(when (or (memq window-system '(mac ns x pgtk)) (daemonp))
  (exec-path-from-shell-initialize))
```

Ya tatu ni kuandika PATH ndani ya faili la mipangilio la kihariri. Kwa Vim:

```
let $PATH = $HOME . '/.local/bin:' . $PATH
```

Kwa Neovim kwa Lua:

```
vim.env.PATH = vim.env.HOME .. '/.local/bin:' .. vim.env.PATH
```

Kwa Emacs angalia sana, kwa sababu ina orodha mbili. `exec-path` ndiyo Emacs yenyewe hutumia kutafuta programu inayotaka kuiendesha. `PATH` iliyo kwenye `process-environment` ndiyo wanayokabidhiwa watoto wake. Mwanzoni `exec-path` hujazwa kutoka `PATH`, baada ya hapo kila moja hushika njia yake. Ukibadilisha moja tu utapata tatizo la ajabu: Emacs inaipata `npm`, lakini `npm` haiipati `node`. Andika zote mbili:

```
(let ((dir (expand-file-name "~/.local/bin")))
  (add-to-list 'exec-path dir)
  (setenv "PATH" (concat dir path-separator (getenv "PATH"))))
```

Tumia njia hii ya tatu mwisho kabisa, kwani folda ileile itakuwa imeandikwa sehemu tatu, na siku ukiihamisha utasahau mojawapo.

## Kihariri kinachokaa nyuma kama huduma

Emacs inaweza kuwashwa mara moja kama seva, kisha `emacsclient` ikafungua madirisha kwa sekunde chache sana. Tangu toleo la 26.1 Emacs huja na faili la huduma la systemd:

```
systemctl --user enable --now emacs
emacsclient -c
```

Raha yake ni kasi. Gharama yake ni kwamba seva ilizaliwa mapema, pengine kabla ya eneo-kazi kumaliza kujipanga, kwa hiyo imekosa vigeu vinavyokuja baadaye. Dalili maarufu ni `git push` inayofanya kazi kwenye teminali lakini ndani ya Emacs inakataliwa kwa `Permission denied (publickey)`. Kilichokosekana ni `SSH_AUTH_SOCK`, kigeu kinachoonyesha soketi ya wakala wa funguo za SSH. Hifadhi kazi zako zote kwanza, kisha kutoka teminali iliyo sawa:

```
systemctl --user import-environment SSH_AUTH_SOCK PATH
systemctl --user restart emacs
```

Ukiwasha upya bila kuhifadhi, bafa zote zilizo wazi, yaani maandishi uliyofungua ndani ya Emacs, zinaondoka na seva.

Wasiotaka systemd watumie `emacsclient -a "" -c`: seva ikiwepo inatumika, isipokuwepo inawashwa hapohapo, na inarithi mazingira ya teminali uliyomo. Ukikutana na `can't find socket; have you started the server?` huku una hakika seva ipo, angalia `XDG_RUNTIME_DIR`. Tangu Emacs 27 soketi hukaa ndani ya folda hiyo, na ukiwa umebadilisha mtumiaji kwa `su` kigeu hicho mara nyingi huwa kitupu au cha mtu mwingine.

## Faili la mipangilio lililosomwa siyo unalolihariri

Kabla ya kulaumu mstari wowote, hakikisha kihariri kimesoma faili unalolidhania.

Emacs hutafuta `~/.emacs.el`, `~/.emacs`, kisha `~/.emacs.d/init.el`. Toleo la 27 la 2020 liliongeza `~/.config/emacs/init.el`, lakini mahali hapo hutumika iwapo tu `~/.emacs` na `~/.emacs.d` hazipo. Folda tupu ya `~/.emacs.d`, iliyotengenezwa na programu-jalizi ya zamani, inatosha kuizima `~/.config/emacs` yako yote. Kwenye Windows, kama `HOME` haijawekwa, Emacs hutumia folda ya `AppData\Roaming` kuwa nyumbani, na si folda ya mtumiaji kama wengi wanavyotarajia. `C-h v user-init-file` inamaliza ubishi.

Vim: `:echo $MYVIMRC`, na `:scriptnames` kwa orodha nzima ya vilivyosomwa kwa mpangilio wake. Kwenye Windows jina la kawaida ni `_vimrc`. Neovim husoma `~/.config/nvim/init.lua` au `init.vim`, na ukiwa nazo zote mbili utapata kosa `E5422`.

Kisha washa bila mipangilio yako (kwa VS Code, amri hii huzima viendelezi tu):

```
vim --clean
emacs -Q
code --disable-extensions
```

Tatizo likitoweka, limo kwenye mipangilio yako au programu-jalizi. Likibaki, rudi kwenye mazingira. Kwa uwashaji wa polepole, `vim --startuptime /tmp/vim.log` huandika kila faili na milisekunde zake; Emacs ina `M-x emacs-init-time`, na `emacs --debug-init` kwa makosa.

## Programu nyingine zinapokiita kihariri

Git hutafuta kihariri kwa mpangilio huu: `GIT_EDITOR`, mpangilio wa `core.editor`, `VISUAL`, `EDITOR`, kisha `vi`. Ukiweka `EDITOR` na Git ikaendelea kufungua kitu kingine, mojawapo ya vinavyotangulia imewekwa. `git var GIT_EDITOR` itakuonyesha inachokitumia.

Git husubiri kihariri kimalize. `code` peke yake hufungua dirisha na kurudi papo hapo, Git ikaona ujumbe ni mtupu ikasema `Aborting commit due to empty commit message.` Andika `code --wait`. `emacsclient` husubiri yenyewe, ilimradi hujaipa `-n`.

Kwa mafaili ya mfumo usiandike `sudo vim /etc/hosts`. Programu-jalizi zako zinaweza kuendeshwa kwa mamlaka ya root, au mipangilio ya root ikatumika badala ya yako, kutegemea `HOME` imekuwaje. Zaidi ya hapo, `~/.viminfo` inaweza kugeuka mali ya root, na kuanzia hapo Vim yako inashindwa kuiandika. Tumia:

```
sudoedit /etc/hosts
```

Amri hii hunakili faili mahali pa muda, hufungua kihariri kwa jina lako na mipangilio yako, na ukishatoka hurudisha nakala mahali pake. Hufuata `SUDO_EDITOR`, `VISUAL`, kisha `EDITOR`.

## Mambo madogo ya teminali

Skrini imeganda baada ya `Ctrl-S`? Teminali imesimamisha mtiririko, bonyeza `Ctrl-Q`. Ili isirudie, weka `stty -ixon` kwenye `~/.bashrc`. Kihariri kimepotea baada ya `Ctrl-Z`? Kimesimamishwa tu, andika `fg`.

Herufi zenye alama zinaonekana kama takataka? Endesha `locale`. `LC_ALL` hushinda vyote, halafu `LC_CTYPE`, halafu `LANG`. Ikisomeka `C` au `POSIX`, kihariri kinaweza kudhani hakuna UTF-8; `export LANG=C.UTF-8` hutosha kwenye Linux nyingi za kisasa. Rangi mbovu ndani ya tmux hutokana mara nyingi na `TERM` iliyolazimishwa kuwa `xterm-256color` kwenye `.bashrc`. Ifute, uiache tmux iweke yake ya `tmux-256color` au `screen-256color`.

## Kinachotokea unapohifadhi

Kuna namna mbili za kuhifadhi. Kihariri kinaweza kuandika juu ya faili lilelile, au kikaandika faili jipya na kulipa jina la zamani. Kwa namna ya pili inodi, yaani namba ambayo mfumo hulitambulia faili, hubadilika, na kila aliyeshikilia inodi ya zamani hubaki anatazama maandishi ya zamani. Hili huwatesa wanaopachika faili moja ndani ya kontena ya Docker: unahariri nje, ndani hakuna mabadiliko. Hakiki kwa `ls -i` kabla na baada ya kuhifadhi. Kwa Vim, suluhisho ni

```
set backupcopy=yes
```

au pachika folda nzima badala ya faili moja, ambayo ndiyo njia imara zaidi.

Mafaili ya pembeni nayo yana kazi. `.jina.swp` ni la Vim, na ujumbe `E325: ATTENTION` unamaanisha faili limefunguliwa mahali pengine au Vim ilizimika ghafla. Angalia namba ya mchakato iliyoonyeshwa. Mchakato ukiwa hai, nenda kwenye dirisha lake. Ukiwa umekufa, rejesha kwa `vim -r jina`, linganisha, hifadhi, ndipo ulifute `.swp`. Emacs huacha `jina~` kama akiba, `#jina#` kama hifadhi ya kujiendesha, na `.#jina` kama kufuli. Kufuli hilo ni kiungo cha ishara kisichoelekea popote, na ndiyo maana baadhi ya programu zinazofuatilia folda huzimika kwa kosa la faili lisilopatikana kila unapoanza kuhariri. Ziamuru ziruke majina yanayoanza na `.#`, au zima kufuli kwa `(setq create-lockfiles nil)` iwapo hakuna mtu mwingine anayehariri mafaili hayo.

VS Code ikikuonya kwamba haiwezi kufuatilia mabadiliko kwenye folda kubwa ya Linux, kikomo cha inotify, huduma ya kerneli ya Linux inayotoa taarifa za mabadiliko ya mafaili, kimejaa. Kiangalie kwanza:

```
cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches
```

Kerneli za kabla ya 5.11 huwa na 8192. Za baadaye hukokotoa kulingana na kumbukumbu ya mashine. Kupandisha:

```
echo 'fs.inotify.max_user_watches=524288' | sudo tee /etc/sysctl.d/60-inotify.conf
sudo sysctl --system
```

Kabla ya kupandisha, jaribu kuondoa folda kama `node_modules` kwenye ufuatiliaji kupitia `files.watcherExclude`, kwa sababu kila folda ndogo inayofuatiliwa hula nafasi moja ya kikomo hicho, na kikomo hicho ni cha mtumiaji mzima: programu nyingine zako zinachota kutoka humohumo.